Mlio wa Nne

Jumatatu, Machi 31. Koo: linawasha.

Chavua ya mialoni imeanza. Jana jioni niliegesha gari likiwa jeupe, asubuhi nimelikuta la manjano, na nimepiga chafya kutoka mlangoni hadi kazini. Kila mwaka majira haya hapa Denton nafungua daftari jipya la koo, kama wakulima wanavyoandika mvua zao. Mtu ambaye sauti ndiyo inayomlisha lazima ajue imeamkaje.

Wiki hii unaanza msimu mpya wa katuni za Kijapani. Nimezitia sauti ya Kiingereza kwa miaka ishirini na miwili, na sijawahi kuwa mhusika mkuu hata siku moja. Nimekuwa mama wa shujaa mara tisa, na mara saba nilikufa kabla ya kipindi cha pili. Nimekuwa muuza samaki, mwalimu wa hesabu, mzimu, mlango unaoongea, na mbwa katika tamthilia kumi na moja. Kwa mbwa sina mpinzani Texas nzima. Najisifu mwenyewe kwa sababu sijaona mwingine aliyejitolea kuifanya kazi hiyo.

Jumatano, Aprili 2. Koo: afadhali.

Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa sita mchana, miji ya huku hujaribu ving'ora vya kimbunga. Kila mwezi tunasahau. Nilikuwa studio, ndani ya kibanda cha kurekodia, nimejaza kifua nibweke, king'ora kikapasua hewa hadi ndani ya kipaza sauti. Quyen, binti anayekaa kwenye mitambo, akaniambia kwenye vipokea sauti, "Anti Nelda, leo mji umebweka kukushinda."

Nilimwambia asubiri nimalize kikohozi changu ndipo tushindane.

Alhamisi, Aprili 10. Koo: safi.

Niliitwa mchana, mapumziko yangu ya chakula, kwa kazi ya dakika nne. Siku nisizorekodi napokea simu kwenye kliniki ya wanyama, kwa hiyo ilinibidi kukimbia, kusema, na kukimbia tena.

Tamthilia yenyewe inaitwa *Daraja la Taa Saba*. Kipindi cha pili, kijana shujaa anapita darajani, anakutana na bibi kizee asiye na jina anayeuza mafuta ya taa. Bibi ana mistari miwili. "Mafuta yapo. Kuwasha ni kazi yako." Kisha, "Chupa yangu uirudishe." Basi.

Nilimuuliza mwongozaji wetu, Ignacio Barrientos, huyu bibi ni nani hasa. Ignacio ana miaka thelathini na nne na ndevu za kuhesabika, lakini ana sikio ambalo sijaliona kwa mwingine.

"Sijui, Bi Nelda. Wajapani wanatuletea kipindi kimoja kimoja, mbele huko hata mimi sijaona. Mfanye mzee tu. Sauti yoyote itafaa."

Kibandani uko peke yako na skrini. Unasikia milio mitatu, na mlio wa nne haupo. Pale ambapo ungelia ndipo unapofungua mdomo, na neno lako liangukie midomo ya yule wa kwenye picha. Ikalia mitatu, nikafungua mdomo bila kufikiri, na ikatoka sauti ya mikwaruzo, imepasuka katikati, kama gunia linaloburutwa juu ya changarawe. Mara moja tu, tukamaliza.

"Duh," akasema Quyen.

Nilirudi kliniki, kulikuwa na mbuzi aliyemeza soksi.

Jumapili, Aprili 13. Koo: safi.

Simu ya mezani ililia saa sita na nusu, kama kila Jumapili. Baba, ninayeishi naye, alikuwa kwenye kiti chake, hatua mbili kutoka hapo. Hakuinuka. Ililia mara sita, mashine ikapokea, na Royce Eubanks akasema, kama anavyosema kila Jumapili akitoka kanisani, "Hollis, ni mimi. Bado niko hai, nawe ukiwa hai utanipigia."

Baba alikuwa mnadi wa ng'ombe miaka thelathini na minane, na Royce ndiye aliyemshikia daftari. Alikuwa akiinua simu anasema jina letu la ukoo tu, "Stallcup!", na mtu wa upande wa pili anakaa wima. Miaka saba iliyopita walimkata uvimbe kooni, na sauti iliyobaki ni hii ya sasa. Tangu hapo haimbi kanisani, kanisani penyewe haendi, na simu hagusi. Ananiongelesha mimi, na paka, kwa kiasi.

Jumapili, Aprili 20. Koo: safi.

Pasaka. Nilioka nyama ya paja, baba akala vipande vitatu na kusema imekauka. Royce alipiga. Ililia mara sita.

Ijumaa, Aprili 25. Koo: safi kabisa.

Jana nilirudishwa kwa mstari mwingine mmoja wa bibi yule, na leo Quyen amenitumia maneno ya watazamaji wa kipindi cha pili. Mmoja ameandika: "Bibi wa mafuta ni nani? Sauti yake imenikwaruza uti wa mgongo." Mwingine: "Sekunde nane tu, na nimezirudia mara ishirini."

Nimeyasoma mara kumi na moja. Miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi ni nani, hata nilipokuwa mlango.

Alhamisi, Mei 1. Koo: safi, moyo hapana.

Ignacio alinipigia nikiwa namshikia bibi mmoja kasuku wake.

"Bi Nelda, umekaa?"

"Nimesimama na kasuku."

"Basi mkabidhi mwenyewe. Wajapani wameleta muhtasari wa hadi mwisho. Yule bibi yako wa mafuta ndiye jemadari aliyechoma daraja miaka thelathini iliyopita. Anarudi kipindi cha nane. Kuanzia cha tisa hadi cha kumi na mbili, nusu ya maneno ni yake. Tamthilia nzima ilikuwa yake, sisi tu hatukujua."

Nilipiga ukelele hadi kasuku akaurudia. Halafu nikakumbuka ile sauti. Mistari mitatu nimeisema kwa sauti ambayo hakuna koo la binadamu linaloweza kuibeba dakika kumi, na sasa natakiwa kuibeba kwa jumla ya saa kumi na sita za kurekodi. Siwezi kuibadili, dunia imeshaisikia. Katika kazi hii kila mtu hufundishwa siku ya kwanza: usimpe mpita njia sauti usiyoweza kuishi nayo, maana hujui nani atarudi. Mimi mwenyewe nimewafundisha vijana wangapi! Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Lakini nimepata, Nelda Stallcup, umri miaka hamsini na minne. Nimempata mhusika mkuu. Naliandika hapa kwa wino.

Jumatano, Mei 7. Koo: limekufa.

Leo lazima niandike kirefu kwa sababu siwezi kusema.

Tuliingia kibandani saa nne asubuhi kwa kipindi cha nane. Bibi anamweleza kijana jinsi daraja lilivyoungua, maelezo ya ukurasa mzima. Nusu saa ya kwanza nilikuwa moto wa kuotea mbali. Quyen aliinua dole gumba. Kufikia saa tano shingo ilikuwa imekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Nilikunywa maji ya moto na asali, nikasukuma. Nikisukuma, mikwaruzo inapatikana. Nikilegeza, anatoka mwanamke wa kliniki anayekuuliza paka wako ana umri gani.

Saa sita kamili king'ora kikalia. Jumatano ya kwanza, na tumesahau tena. Tulisimama dakika tatu tukikisikiliza. Kiliponyamaza, Quyen akapiga milio yake mitatu, nikafungua mdomo mahali pa wa nne, na hapakutoka kitu. Hapakutoka hata pumzi yenye sauti. Midomo ya bibi kwenye skrini ilikuwa inaongea, na mimi nimesimama mbele yake kama samaki.

Ignacio aliingia mwenyewe kibandani, jambo ambalo hafanyi.

"Bi Nelda, pole. Keti."

Nilikataa kwa kichwa.

"Nisikilize basi ukiwa umesimama. Mimi naipenda ile sauti kuliko kitu chochote msimu huu. Lakini sitakuua kwa ajili ya katuni, na kipindi kinatoka kila wiki, hakingoji. Brinley anaweza kumfanya bibi kwa njia laini zaidi. Tutarudia na ile mistari ya mwanzo, watu watalalamika siku mbili watasahau."

Brinley ana miaka ishirini na sita, na mwezi uliopita nilimfundisha kubweka.

Niliandika kwenye karatasi: NIPE MUDA.

"Kipindi cha nane nitakisogeza hadi mwisho wa juma lijalo. Cha tisa ni tarehe ishirini na mbili. Siku hiyo nataka kusikia saa mbili nzima bila kukatika. Ikishindikana, nampa Brinley, na tusinuniane."

Niliandika: SINUNI. Ilikuwa uongo, nilikuwa nimeshaanza.

Ijumaa, Mei 9. Koo: mnong'ono.

Nina kabati la nguo nililolizungushia magodoro ya zamani, ndiyo studio yangu ya nyumbani. Leo mchana nikaingia humo kujaribu, mistari miwili tu, kwa sauti ndogo. "Mafuta yapo. Kuwasha ni kazi yako."

Nikasikia vidole vinagonga mlango.

"Nani yumo humo?"

"Ni mimi, baba."

"Wewe najua umo. Nauliza yule mwingine."

Kwa sheria haturuhusiwi kumwambia mtu yeyote tunamfanya nani mpaka studio itangaze. Lakini sikunyamaza kwa sababu ya sheria. Nilinyamaza kwa sababu papo hapo, kati ya makoti, nilielewa nilichofanya tarehe kumi Aprili. Nilidhani nimebuni sauti. Sikubuni chochote.

Baba akafungua mlango. Alikuwa na paka mkononi.

"Ni bibi wa kwenye katuni," nikasema. "Anauza mafuta ya taa."

"Anayauza kwa koo langu?"

"Baba, haikuwa makusudi."

"Miaka saba naificha sauti hii, Nelda. Hata Royce sijamsikilizisha. Mtu tuliyekula naye vumbi moja. Naketi hapa simu inalia, nahesabu, nanyamaza. Na wewe unaichukua unaipeleka kwenye televisheni, watu wacheke."

"Hawacheki. Wanaipenda. Mmoja ameirudia mara ishirini."

"Ni katuni. Kazi yake ni kuchekesha."

Akanifungia kabati polepole, mimi nikiwa ndani, kama mtu anayefunika sufuria. Nilibaki humo nimekaa juu ya viatu. Niliona aibu, na niseme ukweli wote, chini ya aibu kulikuwa na hasira, kwa kuwa katika maisha yangu yote hajawahi kuniuliza nimefanya kazi gani leo.

Jumamosi, Mei 10.

Hatuongei. Mvua ya radi, umeme ulikatika mara mbili.

Jumapili, Mei 11.

Hatuongei. Royce alipiga. Mara sita.

Jumatatu, Mei 12. Koo: linarudi.

Niliamka nimeshaamua kumpigia Ignacio na kumwachia Brinley kazi. Nilitengeneza mkate wa siagi na mchuzi mweupe wa soseji, chakula cha mapatano nyumbani kwetu tangu enzi za mama. Baba alikula nusu, akaweka uma.

"Sema ile."

"Ipi?"

"Ya mafuta."

Nikaisema, kwa woga, na shingo ikakaza papo hapo.

Akatikisa kichwa, na uso wake ulikuwa ule wa zamani wa mnadani, mtu anapomletea ndama mwenye kwato mbovu na kumwita dume la mbegu. "Hapana. Unasukuma. Unadhani hii ni sauti ya nguvu? Mimi nguvu hiyo sina, mama. Ningesukuma hivyo ningekwisha siku niliyotoka hospitali. Kama umeamua kuniiba, niibe vizuri."

Nilicheka, naye karibu acheke, tukashikwa na kikohozi sote wawili.

Akaanza. Hewa kwanza. Nusu yake iache itoke bure, usiigombanie. Neno likae juu ya ile iliyobaki, kama mtu anayeketi kwenye kiti kibovu, kwa kunyata. Koo lisifanye kitu. "Koo langu ni bango la mlangoni tu," akasema. "Kazi yote iko huku," na akajipiga tumboni.

"Na ukitaka kusisitiza?"

"Nashusha."

"Unashusha?"

"Hata zamani, sauti ikiwa nzima. Ng'ombe wa kawaida unampigia kelele. Akiingia dume bora la mwaka unashusha sauti, na wanunuzi wanasogea wenyewe. Hukuniona? Ulikuwa unakaa juu ya ua miguu inaning'inia."

Niliona. Nilikuwa na miaka minane na nilidhani anachoka.

Naandika hili ili nisilisahau. Miaka saba nimeisikia ile sauti kila asubuhi, na kila siku nilisikia kitu kilichovunjika. Nilipoiiga, niliiga kuvunjika. Kumbe ni mtu anayechagua kila neno kwa sababu kila neno lina gharama. Ndivyo alivyo bibi wa mafuta pia, na hakuna mwongozaji angeweza kunieleza.

Alhamisi, Mei 15. Koo: zuri.

Nimemaliza kipindi cha nane kwa vipande vidogo. Ignacio hakusema kitu ila "asante". Brinley alikuwa ukumbini, ameshika karatasi. Sikuuliza za nini.

Jumamosi, Mei 17. Saa mbili kabatini, baba nje kwenye kigoda, paka mapajani. Kila nikisukuma anagonga mlango.

Jumapili, Mei 18. Mara sita. Lakini leo baba alisema, "Royce amepata mafua." Kumbe huwa anasikiliza hivyo.

Jumanne, Mei 20. Mvua ya mawe, makubwa kama mayai ya bata. Gari lina mashimo kumi na manne. Koo halina hata moja, na hilo ndilo la maana.

Alhamisi, Mei 22. Koo: la Stallcup.

Saa mbili bila kukatika. Nataka niandike mara ya pili. Saa mbili bila kukatika!

Kipindi cha tisa bibi anavua shela, na kijana anaona kovu la jemadari na kumtambua. Hapo mwigizaji wa Kijapani, mwenye sauti ya asili, anainua sauti, anaunguruma. Nilimwomba Ignacio aniache nifanye kwa njia yangu mara moja. Milio mitatu. Nikaacha nusu ya pumzi itoke bure, nikaliketisha neno juu ya iliyobaki, na nikashusha. "Mimi ndiye niliyewasha. Na bado nauza mafuta." Maneno yakaingia midomoni mwa bibi kama ufunguo wa nyumba yangu mwenyewe.

Nikangoja agizo la mstari unaofuata. Nikadhani mitambo imezimika.

"Bosi," nikamsikia Quyen, "umeegemea kioo."

Ni kweli. Ignacio alikuwa ameinama mbele mpaka paji la uso limegusa kioo cha kibanda, na aliposogea pakabaki alama.

"Umejifunza wapi hiyo?" akaniuliza.

"Mnadani."

"Mnada gani?"

"Wa ng'ombe."

Alinitazama, akaamua kutouliza zaidi. "Nampigia Brinley namwambia apumzike. Bi Nelda, ulikuwa wapi miaka yote hii?"

"Hapa hapa. Nilikuwa mbwa wako."

Quyen alicheka hadi akamwaga chai. Niliendesha gari hadi nyumbani madirisha wazi na chavua yote ikaingia, na niliimba njia nzima. Sauti ilikuwepo.

Jumatano, Juni 4. Koo: safi.

King'ora, saa sita. Safari hii nilikuwa nimekumbuka, nilikuwa nje kwenye maegesho nakula mahindi ya kuchoma. Kipindi cha kumi kimekwisha, cha kumi na moja wiki ijayo. Studio imetangaza jina langu, jina langu peke yake, karibu na picha ya bibi.

Jumatano, Juni 11. Muswada wa mwisho umefika. Bibi anasimama katikati ya daraja na kuliita jeshi lake lililopotea. Mdomo uko wazi skrini nzima, sekunde kumi na nne. Hapo huwezi kushusha.

Jumanne, Juni 17. Koo: nitalieleza mwishoni.

Baba alisema anataka kuja. Alilisema juu ya kikombe cha kahawa, kama anaomba chumvi. Hajatoka kwenda kwenye watu tangu mazishi ya shangazi.

Garini nilimweleza ile shida. "Kunong'ona siwezi, baba, meno yote yanaonekana. Na nikipiga kelele kwa koo hili, sina kesho."

Tulipokuwa tunapita ziwa Lewisville akaniuliza, "Bibi yako kule shambani Comanche alikuwa anawaitaje ng'ombe jioni?"

"Alikuwa anapiga kelele."

"Mama yangu hakuwahi kupiga kelele maisha yake yote. Alikuwa anaita. Ng'ombe wanakuja kutoka maili nzima, na kesho anaita tena, mpaka miaka tisini. Anayepiga kelele anataka kusikika. Anayeita anataka mtu aje."

Mapokezini studio walimpa karatasi ya kutunza siri, asimwambie mtu yeyote atakachokisikia. Aliisoma yote, kila mstari, kama mkataba wa malisho. "Binti," akamwambia yule dada kwa mkwaruzo wake, mbele ya watu, "sijaongea na mtu miaka saba. Nitamwambia nani?" Akasaini. Yule dada akainua macho haraka, akamtazama baba, akanitazama mimi. Alikuwa ameitambua sauti ya bibi.

Nilipomtambulisha kwa Ignacio, baba alisema "Hujambo, bwana mdogo," na Ignacio akasahau kuitikia. Mkono wa baba ukabaki hewani, hadi Ignacio akaushika kwa mikono miwili. "Karibu sana, mzee," akasema. "Kumbe ni wewe." Walimpa kiti karibu na Quyen, nyuma ya kioo.

Miito na mayowe huachwa mwisho wa kazi, ili koo likifa life limemaliza. Tulifanya maneno yote kwanza, saa tatu. Halafu ukabaki ule mwito. Ignacio akasema, "Mara moja tu, Bi Nelda. Ikikataa tutatumia sauti ya Mjapani chini chini."

"Ya Mjapani ibaki kwa Mjapani," nikasema. Kiburi hicho, lakini nilikuwa nacho na sikukificha.

Milio mitatu. Mlio wa nne haupo. Sikumfikiria jemadari wala jeshi. Nilifikiria ua wa mnadani, na mtu aliyekuwa akisema jina lake na watu wakakaa wima, na nikamwita arudi. Kwa tumbo, koo limefunguka kama lango, sekunde kumi na nne. Mikwaruzo ilikuja yenyewe mwishoni, pumzi ilipokuwa inaisha, na midomo ya bibi ikafungana pamoja na yangu.

Nilipogeuka Quyen alikuwa amevua vipokea sauti na kuvishika kifuani. Baba alikunja kidole na kugonga meza mara moja, ko!

"Imeuzwa," akasema.

Ignacio alimtazama kwa kutoelewa. Mimi nilielewa, na nilitoka kibandani nikamkumbatia mbele ya wote, mwanamke mzima wa miaka hamsini na minne, na kamasi.

Koo: safi. Sijui kwa vipi, lakini safi.

Jumapili, Juni 29.

Joto limeshika, majira yangu yamekwisha, na hili ndilo ingizo la mwisho la daftari hili.

Kipindi cha mwisho kilitoka saa tano asubuhi. Tulikaa baba, mimi na paka. Bibi akafika darajani na kuita. Hapo baba akasogea mbele kwenye kiti, kidogo tu, kama wanunuzi wake. Jeshi lilikuja. Sikuwa nimeona picha hiyo ikiwa imekamilika, taa zinawaka moja moja ng'ambo ya ukungu, saba. Kisha majina yakaanza kupanda. La kwanza kabisa, juu ya wote: Nelda Stallcup.

"Simamisha," akasema baba.

Nikasimamisha. Akalisoma herufi kwa herufi.

"Wameliandika sawasawa," akasema. "Kwenye mnada walikuwa wanakosea kila mwaka." Kisha, bila kunitazama, "Umefanya kazi nzuri, mama. Hiyo sauti ina heshima. Nilikuwa sijaisikia kutoka nje."

Niliingia jikoni kukata mapichi, maana nilihitaji kufanya kitu kwa mikono. Nilikuwa na kisu hewani saa ilipofika sita na nusu.

Simu ikalia mara moja. Sikugeuka. Ikalia mara ya pili, na nikasikia kiti kinalalamika. Ikalia mara ya tatu.

Ya nne haikulia.

"Stallcup," alisema baba, kwa ile sauti yetu.